Hima kwa ndege asiyeruka

 

Ndugu wasomaji, ni nadra kwa ukurasa huu wa Ijumaa kuzungumzia ndege. Leo tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika ncha ya kusini ya bara letu yuko ndege wa baharini ambaye wataalamu wanahofia kuwa huenda asipatikane tena porini ifikapo mwaka 2035, yaani kabla mtoto anayeanza chuo cha Qur'ani leo hajamaliza masomo yake ya sekondari. Ya pili ni kwamba mzozo uliozuka huko juu ya namna ya kumnusuru umefika mahakamani, na kiini cha mzozo huo si kigeni kwetu hata kidogo. Dini yetu ilikwisha kuliamua suala la namna hiyo karne kumi na nne zilizopita, na ina hata jina lake.

Ndege mwenyewe ni pengwini wa Afrika. Wengi wetu tumezoea kuwaona pengwini katika picha za nchi za barafu, lakini huyu ni Mwafrika kamili. Hazaliani popote duniani isipokuwa katika visiwa na fukwe chache za Namibia na Afrika Kusini, kuanzia pwani ya jangwa la Namib hadi Ghuba ya Algoa, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth na ambao sasa unaitwa Gqeberha. Uzito wake ni kiasi cha kilo tatu. Mgongo wake ni mweusi, kifua chake ni cheupe chenye mstari mweusi uliopinda kama upinde, na mlio wake unafanana mno na mlio wa punda, hata mabaharia wa Kizungu wakampa jina la mnyama huyo. Haruki. Mabawa yake Mola ameyafanya kuwa makasia, na huyo anayetembea kwa kuyumbayumba juu ya miamba, akishaingia majini huwa mwepesi kama mshale.

Pengwini hatagi peke yake. Hukusanyika na wenzake kwa mamia na maelfu katika kisiwa kimoja, kila jozi na kiota chake, kila kiota na jirani yake, ukawa mji kamili wenye njia zake, ugomvi wake na makelele yake. Mwenye kuutazama mji huo hupata picha ya aya ile ya Suratul An'aam inayotufahamisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege wa angani ni umma mfano wetu sisi. Kwa kawaida jike hutaga mayai mawili. Baba na mama huyaatamia kwa zamu kwa muda wa siku 40 hivi, mmoja akibaki kiotani na mwingine akiwa baharini kutafuta chakula. Vifaranga wakishaanguliwa, zamu huendelea kwa miezi mingine miwili na zaidi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 idadi yao ilikadiriwa kufikia milioni moja na nusu, wengi wao wakiwa katika Kisiwa cha Dassen, kaskazini ya Cape Town. Leo, ukijumlisha nchi zote mbili, zimebaki chini ya jozi 10,000 zinazotaga. Mwezi Oktoba 2024 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilimwingiza ndege huyu katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, daraja ambalo baada yake hakuna jingine ila kutoweka porini. Hakuna aina nyingine ya pengwini duniani iliyokuwa imewahi kuwekwa hapo kabla yake.

Tuulize basi: nani aliyewamaliza?

Jawabu la miaka ya nyuma ni jepesi. Katika visiwa hivi kinyesi cha ndege kilikuwa kimerundikana kwa karne nyingi na kuwa tabaka nene kupita kimo cha mtu, na pengwini walichimba viota vyao humo ndani, wakajikinga na jua, upepo na maadui. Wazungu wa karne ya 19 waligundua kwamba kinyesi hicho ni mbolea bora. Kati ya mwaka 1843 na 1845 mamia ya merikebu yalikimbilia kisiwa kidogo cha Ichaboe, kwenye pwani ya Namibia ya leo, na kukikwangua hadi mwambani. Visiwa vingine vikafuatia. Pengwini wakabaki wakitaga juu ya mawe matupu, ambapo jua linapozidi mzazi hulazimika kuacha mayai na kukimbilia maji, na shakwe hawangoji aondoke mara mbili. Kisha yakaja mayai. Kwa miongo mingi yaliokotwa na kuuzwa mjini Cape Town kama kitoweo cha heshima, mamilioni kwa mamilioni, na biashara hiyo haikukoma hadi mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kisha yakaja mafuta. Tarehe 23 Juni 2000 meli ya mizigo iitwayo Treasure ilizama baina ya visiwa vya Robben na Dassen, katikati ya msimu mzuri wa kutaga. Pengwini wapatao 19,000 walipakwa mafuta mazito. Maelfu ya watu wa kujitolea walikusanyika, wakawaosha mmoja mmoja kwa mikono na kuwalisha samaki mdomoni. Wengine 19,500 ambao walikuwa bado hawajafikiwa na mafuta walikamatwa, wakapakiwa katika malori hadi Port Elizabeth, na huko wakaachiwa baharini ili warudi kwao wakiogelea. Hesabu ilikuwa kwamba safari hiyo ya mamia ya kilomita ingechukua muda wa kutosha kuisafisha bahari ya nyumbani kwao, na hesabu ikatimia. Watatu waliofungwa vyombo vya kufuatiliwa kwa setilaiti walitazamwa na watu wa nchi nyingi, siku baada ya siku, wakiizunguka rasi kuelekea visiwani kwao. Walio wengi kati ya wale waliooshwa walipona. Ni kazi ya huruma ambayo tunaamini Mola hataiacha bila malipo, awe aliyeifanya ni nani.

Lakini tazameni yaliyofuata, maana hapa ndipo penye jambo lililotufanya tuandike.

Ndege wale walirudi katika visiwa ambavyo tayari vilikuwa vimehifadhiwa. Mayai hayaokotwi tena. Mbolea haikwanguliwi. Viko viota vya kutengenezwa kwa mikono, wako walinzi, ziko sheria. Kwa macho ya mtu aliyesimama ufukweni, mji wa ndege una amani. Hata hivyo watafiti wa Afrika Kusini na Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2025, wamekadiria kwamba kiasi cha asilimia 95 ya pengwini waliokuwa wakizaliana katika visiwa vya Dassen na Robben mwaka 2004 walikufa katika muda wa miaka minane iliyofuata. Hawakuuawa na mafuta wala na mtu mwenye rungu. Walikufa kwa njaa.

Chakula cha pengwini huyu ni sadini na dagaa wa jamii ya wale tuwaitao dagaa mchele, samaki wadogo wanaotembea kwa makundi makubwa. Anapokuwa na kifaranga hawezi kwenda mbali. Eneo lake la kuwinda ni kilomita 20 hivi kutoka kiotani, pengine zaidi kidogo, kwa sababu lazima arudi kabla mtoto hajazidiwa. Upo pia wakati mwingine wa dhiki. Kila mwaka pengwini hunyonyoka manyoya yote na kuotesha mapya. Kazi hiyo huchukua wiki tatu, na kwa muda wote huo hana vazi la kuzuia maji, hawezi kuingia baharini, kwa hiyo hawezi kula. Hukaa ufukweni akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini kabla. Akiingia katika saumu hiyo akiwa amekonda, haitoki. Watu wanaowahesabu huwakuta wamesimama wima juu ya miamba, wembamba, wakisubiri manyoya. Wengine hawayangoji hadi mwisho.

Ni nani aliyechukua samaki? Ni haki tuseme sababu si moja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 sadini na dagaa walihama kwa wingi kutoka magharibi ya Rasi kuelekea mashariki, kwa sababu ya mabadiliko ya joto na chumvi ya bahari, na kwa sababu ya uvuvi mkubwa uliokuwa ukielemea upande wa magharibi. Visiwa havikuhama pamoja na samaki. Pengwini aliyekwisha zaa mahali ana desturi ya kurudi hapo hapo maisha yake yote. Na wale wachanga wanapoondoka nyumbani kwa mara ya kwanza hufuata alama ambazo Mola amewatia katika maumbile yao, maji ya baridi yenye uhai mwingi, ambako zamani palikuwa na samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanafika pale pale walipofika babu zao, wakakuta meza haina kitu. Pamoja na mabadiliko hayo ya bahari, kuna meli za uvuvi zenye nyavu kubwa za kuzungushia, zinazoweza kuzingira kundi zima la samaki na kuliinua mara moja, zikifanya kazi hiyo karibu na visiwa vile vile ambako mzazi hawezi kwenda zaidi ya kilomita 20.

Hapa, ndugu Waislamu, inatujia hadithi ambayo hakuna mtoto wa madrasa asiyeijua. Ni ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Tunaisikia tangu utotoni, na huenda kwa kuizoea hatuitazami vizuri. Kosa la mwanamke yule halikuwa kumpiga paka wala kumchinja. Kosa lake lilikuwa na sehemu mbili zilizofungamana: alimfungia, kisha hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie katika wadudu wa ardhi. Yaani aliyemfunga kiumbe mahali akamkatia njia ya riziki yake ana dhima ya kifo chake, hata kama mkono wake haukumgusa.

Pengwini mwenye kifaranga hakufungwa na kamba ya mtu. Amefungwa na umbile alilopewa na Muumba, nalo ni kifungo cha heshima, kifungo cha mzazi kwa mwanawe. Lakini sisi wanadamu tukijua kwamba amefungwa hapo, tukamwekea uzio na kibao cha kumlinda, kisha tukapeleka nyavu mbele ya mlango wake na kuchota kila kilichomo, tofauti yetu na mwanamke yule ni ipi? Hilo ni swali la kifikihi kabisa, na tungependa masheikh wetu walijadili.

Baadhi ya watu watasema, na wamekuwa wakisema katika mambo mengi ya namna hii: riziki ya kila kiumbe iko kwa Mwenyezi Mungu, sisi tuna nini cha kuhangaikia ndege? Ni kweli, na aya ya Suratu Hud iko wazi kwamba hakuna kiumbe ila riziki yake iko juu yake Yeye. Lakini mwenye kuitumia aya hiyo dhidi ya ndege, je, anaitumia pia dhidi ya yatima aliyedhulumiwa mirathi yake? Riziki ya ndege Mola alikwisha iweka baharini, tele. Kama kuna mkono ulioiondoa, aya haiusamehi mkono huo.

Sasa tuje kwenye mzozo wenyewe. Kuanzia mwaka 2008 serikali ya Afrika Kusini ilifanya jaribio la kufunga uvuvi wa nyavu za kuzungushia karibu na baadhi ya visiwa kwa zamu, ili kuona kama pengwini wananufaika. Jaribio lilichukua zaidi ya muongo mmoja, na wataalamu wakabishana juu ya matokeo yake kwa muda karibu sawa na huo. Mwaka 2023 jopo la wataalamu wa kimataifa lilitoa ripoti: kufunga maeneo hayo kunawasaidia pengwini, ingawa faida yake ni ndogo ukiilinganisha na kasi wanayopungua, na peke yake haitoshi. Serikali ikatangaza mipaka, lakini katika visiwa kadhaa mipaka hiyo iliacha nje sehemu kubwa ya mahali ambapo ndege hao hula. Mwezi Machi 2024 taasisi mbili za uhifadhi, BirdLife South Africa na SANCCOB, zilimfikisha waziri mahakamani. Kesi haikusikilizwa hadi mwisho. Wahifadhi na vyama vya wenye viwanda vya samaki walikaa pamoja, wakapatana, na tarehe 18 Machi 2025 Mahakama Kuu ya Pretoria ikayafanya mapatano hayo kuwa amri. Kwa miaka 10, meli zinazovua sadini na dagaa kwa biashara haziruhusiwi katika maeneo yaliyokubaliwa kuzunguka makazi sita ya kutagia: Dassen, Robben, Stony Point, Dyer, St Croix na Kisiwa cha Ndege katika Ghuba ya Algoa.

Msimamo wetu ni kwamba mapatano hayo ni ya haki na yanastahili kuheshimiwa na pande zote, na tunasema hivyo tukitazama kipimo cha dini yetu, yaani hima.

Kabla ya Uislamu, wakubwa wa makabila ya Waarabu walikuwa na desturi ya kujitengea malisho mazuri na kuwazuia wengine wasiyakaribie, huku mifugo yao wenyewe ikilisha pamoja na ya watu kwengineko. Mtume (S.A.W.) aliifuta hima ya namna hiyo, akabakisha ile tu inayowekwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, ambayo wanazuoni wameifasiri kuwa ni kwa maslahi ya wote. Naqii, karibu na Madina, palitengwa hivyo. Katika zama za Sayyidna Umar (R.A.) hima ilipanuliwa, na msimamizi wake akawa huru wake aliyeitwa Hunayy. Maagizo aliyopewa Hunayy yamo katika Sahih Bukhari, na kwa maoni yetu hayajapatwa na uzee. Umar alimwamuru awe mpole kwa watu na aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Alimtaka amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Ila alimtahadharisha na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan. Hawa walikuwa masahaba watukufu, tena miongoni mwa waliobashiriwa Pepo, lakini walikuwa matajiri. Sababu aliyoitoa ni kwamba mifugo yao ikiangamia, hao wana mitende na mashamba ya kurudia, hali ya kuwa maskini akiangamiwa na wanyama wake atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa akilia.

Yaangalieni tena mapatano ya Pretoria kwa macho hayo. Kilichozuiwa ni nyavu kubwa za kuzungushia za meli za viwanda zinazowinda sadini na dagaa. Mvuvi wa mshipi mwenye mashua yake hakulengwa. Na samaki wenyewe wanakwenda wapi? Sadini wengi hutiwa makoponi, nacho ni chakula cha watu, hata maskini. Lakini sehemu kubwa ya dagaa hao haifiki katika sahani ya mtu yeyote. Husagwa viwandani ikawa unga na mafuta ya kulishia mifugo na samaki wa kufugwa. Haki ya binadamu mwenye njaa ina uzito kuliko ya ndege, hilo hatubishani nalo. Ila hapa mizani haikuwa baina ya ndege na binadamu mwenye njaa. Ilikuwa baina ya ndege na kinu.

Pamoja na hayo, hatuwezi kuwadharau wafanyakazi wa viwanda hivyo katika miji kama ya St Helena Bay na Gansbaai. Wengi ni akina mama wanaolea familia kwa mshahara wa msimu, na meli zikikosa samaki wao ndio wa kwanza kuambiwa wabaki nyumbani. Wenye viwanda walitoa hoja hiyo, nayo ni hoja ya kweli hata kama imetolewa na tajiri. Hao ndio kina mwenye kondoo wachache wa leo, na wanaposimamishwa kazi mtu wa kuwatazama ni yule anayewaajiri na serikali inayowatoza kodi. Bahari iliyo wazi nje ya mipaka hiyo bado ni kubwa.

Waislamu wa Rasi wana sababu zao za kulitazama jambo hili kwa karibu, na kwa hisia zilizochanganyika. Kisiwa cha Robben, ambacho ulimwengu unakijua kwa kifungo cha Nelson Mandela, kilikuwa jela ya maulamaa karne mbili kabla yake. Waholanzi walimpeleka huko Sayyid Abdurahman Moturu kutoka visiwa vya Indonesia ya leo, akafia hapo mwaka 1754, na kuba lililojengwa juu ya kaburi lake mwaka 1969 bado linazuriwa. Mwaka 1780 aliletwa Imamu Abdullah bin Kadhi Abdussalaam kutoka Tidore, maarufu kwa jina la Tuan Guru, ambaye inaelezwa kuwa aliandika Mas-hafu kwa kuhifadhi kwake moyoni, na alipoachiwa alianzisha madrasa mjini Cape Town. Pengwini wa kisiwa hicho walikuwa wamekwisha kuangamizwa kufikia mwaka 1800 hivi. Walirejea wenyewe mwaka 1983, jozi tisa tu, wakaongezeka hadi maelfu, kisha njaa ikawarudisha nyuma.

Uko pia mji wa Simon's Town, upande wa pili wa rasi. Hapo palikuwa na jamii ya Waislamu, miongoni mwao wavuvi, hadi mwaka 1967 serikali ya ubaguzi ilipotangaza mji huo kuwa wa wazungu na familia zikahamishwa kwa nguvu. Msikiti wao ulibaki. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 jozi chache za pengwini zilihamia kwenye ufuko wa Boulders mjini humo, zikakaribishwa, zikalindwa, na leo watalii hulipa kiingilio kuwaona. Mzee aliyefukuzwa nyumbani kwake akiuona ulinzi huo anaweza kuuliza maswali, na asilaumiwe. Uhifadhi unaomsahau mtu hauna baraka. Lakini ndege hakutunga sheria ya ubaguzi, na Boulders inatupa ushahidi mwingine: Ghuba ya False, ambayo ufuko huo uko ndani yake, ilifungiwa nyavu za kuzungushia mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1980, na makazi hayo yalikua wakati ya Dassen yakipungua.

Si kila adui anazuilika kwa mipaka ya uvuvi. Kisiwa cha St Croix kilikuwa na makazi makubwa kuliko yote ya pengwini hawa. Kuanzia mwaka 2016 Ghuba ya Algoa ikawa kituo cha meli kuuziana mafuta baharini, kelele za injini zikazidi, na idadi ya ndege ikaporomoka vibaya katika miaka michache. Kwa upande mwengine, wapo waliofikiria kuwapelekea ndege makazi karibu na samaki waliohama. Katika hifadhi ya De Hoop, mashariki ya visiwa vya zamani, waliweka sanamu za pengwini juu ya miamba na kipaza sauti chenye mlio wao, ili ndege wanaopita wadhani pana mji. Mwaka 2022 jozi za kwanza zilishuka hapo na kutaga.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna pengwini, lakini tuna miji yetu ya ndege. Membe hutaga kwa maelfu katika visiwa vidogo vya mawe visivyo na watu, kama kile cha Watamu nchini Kenya kilicho ndani ya hifadhi ya bahari, na kama Fungu Kizimkazi, mbali huko kusini mashariki ya Unguja, ambako hutaga pamoja na ndege wengine wakubwa wa bahari kuu. Mvuvi yeyote anajua thamani ya membe: palipo na kundi lao likizama na kuinuka, chini yake pana jodari. Pamoja na hayo kuokota mayai yao ni desturi ya zamani, na chombo kimoja kikitia nanga na watu wakashuka, mji mzima huruka na kuyaacha mayai juani. Katika Sunan Abu Daud imepokewa kwamba baadhi ya masahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege mdogo, mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume (S.A.W.) alipoona aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamuru warudishwe.

Kuifunga bahari kwa muda tunakujua. Zanzibar, Mafia na Tanga zipo kamati za vijiji zinazofunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa na kuifungua kwa siku moja, tena kwa makubaliano ya wavuvi wenyewe. Kisiwa cha Misali huko Pemba, ambacho wazee wanasema Nabii Khidhr alikifanya msala, kilihifadhiwa mwaka 1998, na viongozi wa dini walishiriki kuwaelimisha wavuvi juu yake kwa dalili za Qur'ani na Sunna. Membe wengi wa kwetu hutaga wakati wa kusi, kati ya Juni na Septemba. Kamati hizo hizo zina uwezo wa kuviingiza visiwa vya kutagia katika orodha ya mahali pa kufungwa kwa miezi hiyo minne, mayai yasiokotwe na vyombo visitie nanga karibu, na msimu ujao wa kusi hauko mbali.